Saa Kumi na Mbili ya Nani

Mume wangu Sadiq ni fundi wa injini, na kwa miaka mitatu alikuwa fundi asiyeona. Waliojua hapa Amu, yaani Lamu, walikuwa wawili tu, yeye na mimi. Yeye akijua na kukana, mimi nikijua na kunyamaza, na kunyamaza si kazi niliyozaliwa nayo. Leo ana jicho moja linaloona mpaka kisiwa cha Manda, na la pili linangoja zamu yake, kwa hivyo naweza kulisimulia jambo hili bila kumvunjia mtu heshima. Akitaka kununa, na anune.

Nianze na kazi yake. Alifundishwa na marehemu Bwana Jeilani, ambaye watu wa umri wetu wote wa mtaa wetu wa Mkomani wanamkumbuka kwa kelele zake. Bwana Jeilani alikuwa na kanuni moja: injini uliyoifungua ukaifunga tena, usiitie ufunguo mpaka umeizungusha mara mbili kwa mkono. Mara mbili kamili, polepole, kwa spana, huku ukisikiliza. Sadiq aliishika kanuni hiyo kama wengine wanavyoshika udhu. Tulipotiliwa feni ya dari nyumbani, alipanda ngazi akaizungusha mara mbili kwa kidole, ndipo akaniruhusu kugusa swichi. Nilikuwa bibi arusi wa miezi minne na bado nilikuwa nacheka kwa adabu. Siku hiyo adabu ilinishinda.

Macho yalianza kumpotea taratibu. Kwanza alilaumu taa, akabadilisha globu zote za nyumba. Kisha akalaumu miwani aliyonunua barabarani, akanunua nyingine. Nikaona kwamba akimimina chai hutia ncha ya kidole ndani ya kikombe ili ajue imefika wapi, na ile ni chai iliyotoka jikoni sasa hivi, wala hashtuki. Nikaona kwamba akienda msikitini hupitisha mkono ukutani kama mtu anayepangusa vumbi. Ujia wetu ni mwembamba, punda wawili hawapishani, kwa hivyo ukuta uko karibu wakati wote na hakuna aliyeona ajabu.

Lililoniuma zaidi ni salamu. Hapa kwetu humpiti mtu bila kumwamkua, hata kama jana mmegombana. Sadiq aliacha kuamkua. Alikuwa akingoja aamkuliwe yeye kwanza, aisikie sauti, ndipo ajue ni nani. Watu wakaanza kusema Sadiq kaingia kiburi. Shoga yangu mmoja alinijia barazani kuniuliza kwa mzaha kama tumepata urithi. Nilimwambia Sadiq kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba afadhali aseme kweli kuliko kuitwa mwenye kiburi. Alinijibu kwamba kiburi hakimnyimi mtu kazi.

Nilijua anachokiogopa. Babake, Bwana Abdulkadir, alipofuka Sadiq akiwa na miaka minane, na Sadiq ndiye aliyekuwa akimshika mkono kumpeleka msikitini, vipindi vitano kwa siku, kwa miaka saba, mpaka mzee alipofariki. Watoto wenzake walikuwa wakimwita fimbo. Aliwahi kunieleza habari hiyo mara moja tu katika maisha yetu. Alisema hakuchukia kumshika babake. Alichochukia ni watu kumsalimia yeye mtoto na kumuuliza mzee hajambo, na mzee mwenyewe amesimama hapo hapo, anasikia. Akasema yeye hatashikwa mkono na mtu yeyote mpaka siku atakayobebwa.

Basi mwaka huu, baada ya Idi, akaja Bwana Idarus. Idarus ni mtu wa Faza, ana boti kubwa ya mbao inayobeba abiria na mizigo kati ya Faza na Amu. Injini yake ya zamani ilikufa, akanunua nyingine Mombasa, ya dizeli, iliyotolewa kwenye vani. Ililetwa kwa lori mpaka Mokowe, ikavushwa, ikakalishwa ndani ya boti iliyopandishwa ufuoni Wiyoni. Mkanda wake ulikuwa umekwisha kutolewa, umetiwa ndani ya gunia pamoja na nati, na aliyeutoa hakuacha alama wala maelezo. Sadiq aliukunja ule mkanda kwa vidole, akazisikia nyufa, akasema huu hauingii kwenye injini yoyote mbele yake. Idarus akaagiza mpya. Alikuwa na sababu yake. Njia ya Faza hupita Mkanda, ule mkondo mwembamba wa mikoko ambao haupitiki ila maji yakiwa yamejaa, na Idarus alisema hataki mkanda umkatikie Mkandani na watu arubaini ndani na maji yanatoka.

Kwa asiyejua: mkanda huu ni wa mpira, una meno upande wa ndani. Chini ya injini kuna mhimili unaozungushwa na pistoni, mafundi huuita kranki. Juu kuna mwingine unaofungua na kufunga valvu, huo ni kamu. Mkanda huiunganisha miwili hiyo pamoja na pampu ya dizeli ili viende pamoja. Kila puli ina alama yake ndogo, nukta au mkato, na alama zote zikikaa mahali pake ndipo mkanda unavishwa. Zikikosewa, pistoni inapanda na valvu bado iko njiani, vinagongana, valvu zinapinda, na injini imekwenda. Sadiq huiita kazi hii kuitia injini saa. Ni kazi ya macho, kwa sababu nukta zenyewe ni ndogo kuliko punje ya mchele.

Siku ya kwanza Sadiq alirudi nyumbani akasema spana ya namba kumi na saba haionekani. Siku ya pili akasema jua lilikuwa kali. Siku ya tatu nilimpelekea chakula Wiyoni mimi mwenyewe, nikamkuta amejiinamia ndani ya boti, macho ameyafumba, anapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye puli ya juu. Alikuwa amezipata nukta mbili kwa ukucha na hajui ipi ni alama na ipi ni kutu. Spana ya namba kumi na saba ilikuwa pajani pake.

Nilisimama nikamtazama. Huruma ilinishika, na hasira pia, na hasira ndiyo iliyotangulia kufika mdomoni. Nikavua ndara, nikalikusanya buibui langu kwa mkono mmoja, nikapanda ngazi, nikaingia botini.

"Toka, Radhiya," alisema. "Watu wataona."

"Na waone. Asoona ni wewe."

Neno hilo lenyewe halikuwa limewahi kutajwa kati yetu.  Alisogea kidogo kwenye ubao, na nafasi aliyoiacha ilitosha mtu mmoja, nikakaa.

Wa kumuuliza alikuwa mmoja tu. Kuna msichana fundi ana karakana yake Mokowe, jina lake Jeruto. Alizaliwa Eldoret, akakulia Nairobi, akaja huku na kampuni ya barabara, na barabara ilipokwisha yeye akabaki. Injini za vani ndizo kazi yake ya kila siku, na Sadiq hununua vichungio vya mafuta kwake. Taabu yake ni kwamba nusu ya maneno yake ni Kiingereza. Mara ya mwisho alipomweleza Sadiq jambo kwa simu, Sadiq aliitikia naam, naam, mpaka mwisho, kisha akaniuliza mimi kasema nini, nami nilikuwa jikoni napika. Kwa hivyo nilipompelekea Jeruto picha za puli kwa Wasapu, nilimwomba atueleze kwa Kiswahili kitupu, mzee apate kuelewa. Habari ya macho sikuitaja. Nilisema mzee anataka uhakika tu. Balaa lote lilitoka katika ombi langu hilo.

Jibu lake lilikuja kwa ujumbe wa sauti. "Shikamoo mzee, shikamoo Bi. Hiyo injini naijua vizuri. Alama ya kamu iangalie saa kumi na mbili. Ya kranki pia, saa kumi na mbili. Pampu iko na alama yake kwa bodi ya injini, hiyo mtaiona. Ni hivyo tu."

Kila neno lilikuwa la Kiswahili. Nilimwombea kheri.

Nikachovya mswaki wa zamani kwenye mafuta ya taa, nikasugua. Nukta moja ilikuwa kutu, ikaondoka. Ya pili ikabaki, nikajua ndiyo yenyewe. Lakini nukta ya chuma juu ya chuma ilikuwa inanipotea hata mimi, basi nikafungua kijaluba changu cha tambuu, nikachota chokaa kwa ncha ya kijiti, nikaijaza ile nukta. Mkato wa kranki nao nikautia. Zote mbili zikang'aa. Sadiq akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa chuma, akasema weupe anauona kidogo. Ana miaka thelathini ananigombeza kwa kula tambuu. Siku hiyo hakunigombeza.

Sasa, kila mtu anajua saa kumi na mbili iko wapi. Magharibi inakaribia, jua linashuka, na mshale mfupi wa saa ya ukutani unatazama chini kabisa. Nikamwambia Sadiq azungushe kamu mpaka nitakapomwambia basi. Nukta ikashuka ikafika chini, nikasema basi. Pampu tukaipanga kwenye alama yake, kisha kranki, mkato nao ukaenda chini. Hapo Sadiq akausimamisha mkono.

"Una yakini ni tini?"

"Si umesikia mwenyewe? Saa kumi na mbili."

"Injini zote nilozifunga, alama ya kranki hukaa yuu."

Nikamwambia zile zilikuwa injini za zamani, na kwamba siku hizi kila injini ina akili yake. Nilijua nini mimi? Nilijua kubisha. Zamani angenitoa botini kwa neno hilo. Lakini mtu aliyekwisha kupoteza imani na macho yake huanza kuvitilia shaka na vingine alivyo navyo, hata vilivyo vizima. Alitikisa kichwa, akanikubalia. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko yote niliyoyafanya siku ile.

Akauvisha mkanda. Hapo hakuhitaji macho ya mtu. Vidole vyake vilikwenda jino kwa jino, kutoka kranki kupanda kwenye pampu, kutoka pampu kwenye kamu, akaulegeza ule mkono wenye kigurudumu cha kukazia, ukauma mkanda, akafunga nati. Mimi nilikuwa namtazama na nilijiona ninaringa, kana kwamba nimejifungua mtoto. Akachukua spana, akaitia kwenye nati ya kranki, akasema bismillahi, akaanza kuzungusha ile mara ya kwanza kati ya mbili.

Hata robo ya mzunguko haikufika. Spana iligota, na ndani ya injini kukatoka sauti ndogo, kama jino likigonga kijiwe kwenye wali.

Mkono wake ulikuwa umekwisha kulegea kabla mimi sijatambua kwamba ile ilikuwa sauti. Chuma kilikuwa kimegusa chuma. Mimi, kwa ujinga wangu, nikasema pengine mkanda ni mpya umekaza, asukume kidogo. Angesukuma, au angetia ufunguo moja kwa moja kama wengi wanavyofanya siku hizi, injini ya Idarus ingekufia hapo Wiyoni na jina la Sadiq lingekufa nayo. Hakusukuma. Alirudisha spana nyuma taratibu mpaka ikawa huru, akaitoa, akaiweka chini, akapangusa mikono kwa kitambaa kidole kimoja kimoja.

"Radhiya," akasema, "mimi nimekwisha."

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayekwambia sukari imekwisha. Alidhani ni mikono yake iliyokosea. Alikuwa akijiambia kwamba baada ya macho, mikono nayo imeondoka, na sasa hana kilichobaki cha kumfanya aitwe fundi. Nami sikujua kwamba kosa ni langu. Nililia kidogo bila kutoa sauti, kwa kuwa haoni, kisha nikaona haya kwamba nalia kwa kuwa haoni.

Simu ikalia kengele ya ujumbe. Ni Jeruto tena, sauti ya furaha kama kawaida yake, anauliza kama imekubali. Akaongeza: "Kama kuna shida, kesho saa nane asubuhi nitakuwa hapo kwa jeti ya Amu, kwa boti za mizigo, nachukua speya. Naweza pita niwaangalilie."

Nikataka kuizima. Sadiq akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Saa nane asubuhi ni saa ngapi?" akauliza.

Nikamwambia siyui, labda amekosea, watoto wa bara hao. Saa nane watu wamekwisha kula cha mtana, asubuhi iko wapi.

"Hakukosea. Saa nane yake si saa nane yetu." Nikamwona anazungusha kidole hewani, juu, kulia, chini, kama anayechora sahani. Kisha akasema polepole: "Na ile saa kumi na mbili aloisema, ni saa kumi na mbili ya nani?"

Nilimpigia Jeruto hapo hapo, bila hata salamu. Nikamuuliza hiyo kumi na mbili yake, alama inatazama juu au chini.

"Juu, Bi," akasema. "Pale kwa namba kumi na mbili ya saa. Si mliniambia niseme Kiswahili?" Kisha akauliza: "Kwani yenu iko wapi?"

Yetu ilikuwa chini. Yeye alisoma namba iliyoandikwa kwenye uso wa saa, sisi tulisoma saa yenyewe. Mshale ukiwa pale juu penye kumi na mbili sisi husema saa sita, na mtoto mchanga wa Amu analijua hilo. Msichana wa watu angesema kwa Kiingereza chake tungelielewa, maana hata mimi namba za Kiingereza nazijua. Aliacha Kiingereza kwa heshima yetu, na kwa heshima hiyo tulikuwa karibu kuvunja injini.

Nilipomweleza Sadiq alicheka. Alicheka mpaka akashika ubavu wa boti, na sikumbuki mara ya mwisho alicheka vile. Alikuwa akicheka kwa sababu mikono yake ilikuwa sawa. Tangu mwanzo ilikuwa imemwambia alama hukaa juu, na aliyeizuia ni mimi. Nilimwomba radhi. Akasema radhi nitaipata kwa kazi, akanirudishia mswaki.

Akaulegeza mkanda, akautoa. Akarudisha kranki mpaka mkato wenye chokaa ukatazama juu. Kamu nayo juu. Pampu nayo kwenye alama yake ya bodi, ambayo niliisugua mara mbili ndipo nikaapa kwamba ndiyo. Kila alama aliniuliza mara tatu, na mara tatu zote nilimjibu, juu, yuu, saa sita ya adhuhuri, saa sita ya Amu. Akavisha, akakaza, akashika spana. Mzunguko wa kwanza ulipita laini. Wa pili ukapita, na mwisho wake ile chokaa ya puli ya juu na ya puli ya chini zikarudi pale pale zilipoanzia, zimesimama wima, moja juu ya nyingine.

"Ni saa sita," nikamwambia.

Idarus alikuja baada ya sala ya alasiri. Akanikuta ndani ya boti yake, mikono myeusi mpaka viwiko. Mimi nilikuwa na uongo wangu tayari. Ningesema nilileta chakula, nikateleza, nikashika penye grisi. Nimeshasema uongo wa namna hiyo mara nyingi kwa ajili ya Sadiq na nilikuwa nimekuwa hodari. Nikafungua mdomo. Sadiq akaniwahi.

"Idarus, mato yangu hayaoni. Mwaka wa tatu huu. Alosoma alama ni Radhiya, mimi nimefunga kwa mkono."

 Idarus akasema yale ambayo mtu yeyote angesema: kwamba anabeba watu arubaini kila safari, wazee, waja wazito, watoto wa shule, na sasa anaambiwa injini yake imetiwa saa na kipofu na mla tambuu. Alikuwa na haki, nami nilimchukia kwa haki yake hiyo. Nikangoja Sadiq anyanyuke akusanye vyombo vyake. Badala yake alinyoosha spana kuelekea ilikotoka sauti.

"Zungusha mwenyewe. Mara mbili."

Idarus akavua kanzu, akaitundika, akazungusha. Mzunguko wa kwanza alizungusha kwa hasira. Wa pili aliupunguza mwendo akawa anasikiliza, kwa kuwa naye ni mtu wa mashine. Nikamwonyesha alama zilivyorudi. Aligusa ile nyeupe kwa kidole, akanusa, akaniuliza ni nini. Nikamwambia chokaa. Akatikisa kichwa. Tukaleta ndoo za maji za kuipoza, akatia ufunguo, injini ikawaka mara ya kwanza na kutulia.

Aliiacha iungurume kidogo, akaizima. Akasema mashine ameikubali, lakini ana sharti. Boti inaondoka Alhamisi maji yakijaa. Madaktari wa macho wameweka kambi Faza mpaka Jumapili, wanasafisha watu macho kwa zamu. Sadiq akiwa anaiamini kazi yake, basi apande nayo safari ya kwanza, na akifika Faza asirudi bila kuonwa. Asipopanda, injini itatolewa na itafungwa upya na mwingine, na watu wataambiwa kwa nini.  Sadiq alikusanya vyombo vyake, akavihesabu kwa vidole, na njia nzima mpaka Mkomani alipitisha mkono ukutani.

Kufikia Alhamisi mji mzima ulikuwa unajua. Sikuwaambia mimi, na anayetaka kuamini aamini. Sadiq aliamka, akavaa kanzu safi, akasema twende. Jeti ilikuwa imejaa watu wa Faza na magunia yao. Ngazi za mwisho huota utelezi, na kati ya ngazi na ubavu wa boti kuna nafasi ya hatua moja, na boti inapanda na kushuka. Sadiq ameivuka nafasi ile maisha yake yote kwa kuruka. Kwetu mume na mke hawashikani mikono njiani, seuze jetini mbele ya wapagazi na wakwe za watu. Mke hufuata nyuma, nami nilikuwa nyuma, na kikapu changu.

Alishuka mpaka ngazi ya mwisho, akasimama. Watu nyuma yetu wakasimama. Mpagazi mmoja tunayemjua miaka na miaka akanigeukia mimi, kwa sauti ya chini ya huruma, akasema: "Bi Radhiya, Fundi hajambo?"

Niliuona mgongo wa Sadiq ukikakamaa. Nikajua amerudi kule, ana miaka minane, na babake amesimama kando yake. Nikajua pia kwamba akigeuka akapanda ngazi kurudi nyumbani sitamlaumu.

Aligeuza uso kuelekea kwenye ile sauti. "Fundi ni mimi huyu, niulize mimi," akasema. "Sijambo, alhamdulillahi. Ni mato tu." Kisha akanyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, mbele ya jeti nzima. "Radhiya, nishike."

Nikampa yule mpagazi kikapu, nikamshika. Nilikuwa bado nina weusi wa grisi kwenye kucha. Tukavuka pamoja, nikamkalisha kwenye ubao ulio karibu na kifuniko cha injini. Idarus alipotia ufunguo, Sadiq aliinamisha kichwa akasikiliza mpaka akaridhika. Tulipoingia Mkanda maji yalikuwa yamejaa na watu walikuwa wamekwisha kuchoka kututazama. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya wangu, na ulibaki hapo mpaka Faza.